Ndama Asiyepona

Senteu alipoingia dukani kwa mara nyingine kutaka dawa ya bluu, Marsela alijua anadanganywa. Alichokuwa hajakijua ni anadanganywa kuhusu nini.

"Ile ya kupuliza," Senteu akasema, akitazama mizani, akitazama kalenda ya ukutani, akitazama kila kitu isipokuwa uso wa Marsela aliyesimama nyuma ya kaunta. "Makopo mawili, shemeji."

Duka lilikuwa la dawa za mifugo, pale Karatu mjini, na Marsela alikuwa amelisimamia muda wa kutosha kujua ng'ombe wa nusu ya wilaya wanaumwa nini. Dawa ya bluu ni ya kidonda. Ndama akijikata na seng'enge unampulizia, ngozi inageuka rangi ya sare ya shule, nzi wanakimbia, maisha yanaendelea. Kopo moja linamtosha mfugaji msimu mzima. Senteu alikuwa anachukua kama mtu anayepaka nyumba rangi.

"Huyu ndama wako," Marsela akasema, "haponi tu?"

"Haponi."

"Ameumia wapi?"

"Miguu."

"Yote minne?"

Senteu akafikiri. Alikuwa Mmasai mrefu na mpole, dereva wa watalii, na uongo ulikuwa unamtoa jasho hata siku ya baridi. "Miwili," akasema. "Ya nyuma. Nafikiri."

"Unafikiri? Basi nimwambie bwana mifugo apande akamwone."

"Hapana, shemeji! Asije. Huyu hapendi kuonekana."

Mama mmoja aliyekuwa anangoja dawa ya kuku akageuka. "Ndama ana haya?"

"Ana haya sana, mama," Senteu akasema, akifuta paji la uso. "Na ana kelele. Resiato akimpulizia tu, anamwita Yesu."

Hata mama wa kuku akasahau kuku wake.

"Anamwita nani?" Marsela akauliza taratibu.

Senteu akayanyakua makopo yaliyokwisha kuwekwa kaunta. Kopo moja likamponyoka, likabingirika mpaka mlangoni.

"Senteu, Noel yuko wapi?"

Noel, mpenzi wake na dereva mwenzake Senteu, alikuwa ameaga kwamba anakwenda nje ya nchi kwa kozi ya kuongoza watalii. Hiyo ilikuwa kabla ya mahindi kupandwa, na mahindi yalishavunwa. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila jioni, ila hakukubali kuonyesha sura. Mara mtandao mbaya, mara kamera imevunjika. Baadaye simu zikapungua. Kisha akawa anatuma tu yale maneno ya kumridhisha mtu, nakupenda, usijali, nipo. Marsela alikuwa amechoka na hilo neno nipo kuliko maneno yote ya Kiswahili.

"Yuko kwetu," Senteu akasema, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua gunia. "Nainokanoka. Niliapa nisiseme, na sasa nimesema. Usiniulize zaidi, shemeji, niache nibaki na kiapo japo kidogo."

"Na Resiato ni nani?"

"Ni mtu wa nyumbani tu."

Marsela alivua koti la dukani, akalitundika, akafunga mlango mama wa kuku akiwa bado ndani. Ikabidi afungue tena kumtoa.

Njia nzima ya kupanda Senteu aliendesha akiwa amekaza macho kwenye ukungu. Pale ukingoni watalii walikuwa wamesimama wanaupiga picha huo ukungu wenyewe, maana kreta haikuonekana hata kidogo, na mtu akishatoka kwao mbali hivyo haondoki bila kupiga picha kitu. Marsela hakugeuza shingo. Alikuwa anamtengeneza Resiato kichwani. Alimpa kiuno chembamba. Alimpa shanga, shingo ndefu, na kicheko cha chini chini. Alipomaliza kumpamba alianza kumwandalia maneno, na maneno yalikuwa makali, mengine hayafai kuandikwa mbele ya watu waliobatizwa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amempigania huyo mwanaume. Kwao Kansay watu ni warefu. Kaka zake wakiingia mlangoni wanainama kwanza. Noel wa Machame alifika kifuani kwa kaka wa mwisho. Siku ya kwanza alipokuja dukani kununua dawa ya kupe, Marsela aliona kofia tu juu ya kaunta, akadhani mtu kaisahau, mpaka kofia ikasema habari za asubuhi dada. Alicheka siku nzima. Jioni kofia ikarudi na mwenyewe, wakanywa chai, na Marsela akagundua kwamba huyu mtu anapomsikiliza mwenzake anasikiliza kwa macho na masikio, mpaka chai inapoa. Hapo ndipo alipokwisha.

"Mwanaume wa kumtafuta chini ya meza," mama yake alikuwa amesema. "Na ni Mchaga. Kila Desemba atakupakia kwenye gari kama kreti ya soda, mwende kwao mkahesabiwe."

Marsela alijibu kwamba atapanda hilo gari. Sasa tazama gari alilopanda.

Boma la kina Senteu lilikuwa mgongoni mwa kilima, nyumba za kienyeji na moja ya bati aliyoijenga Senteu mwenyewe. Marsela alishuka kabla gari halijasimama sawasawa.

"Resiato yuko wapi?" akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kwa shari.

Kikongwe kimoja kikatoka nyumba ya bati kimeshika kopo la bluu. Vidole vyake vilikuwa bluu, ncha ya pua bluu. Shanga alikuwa nazo. Kiuno kilishastaafu zamani.

"Ndiye mimi, mama yake huyu Senteu. Takwenya!"

"Iko," Marsela akaitikia, maana salamu ya mtu mzima huitikiwa hata ukiwa umekuja kuua.

Resiato akamkagua kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. Kisha akacheka, na kicheko kilikuwa cha chini chini kweli. "Ulikuja kupigana na mimi?"

"Ndiyo, Yeyo," Marsela akasema, akimwita mama kwa Kimasai. "Nisamehe."

"Umechelewa. Ungekuja nikiwa na meno." Akamkabidhi kopo. "Huyo ndani ni wako? Mchukue. Nimezaa, nimezika mume, nimelala nje na ng'ombe simba akikohoa. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka na mtu anayejirefusha."

"Anaye... nini?"

"Ingia uone. Mimi nikikueleza utasema nimekunywa."

Ndani palinuka moshi, maziwa, na kitu cha tatu ambacho Marsela alikijua kwa kazi yake, akatamani asingekijua. Noel alikuwa kitandani, mgongo umeegemea ukuta. Alipomwona alivuta shuka kwa haraka mpaka kifuani, lakini shuka halikulala. Lilisimama juu ya miguu yake kama hema.

"Sela," akasema.

Kwa kitambo kidogo Marsela alisahau hasira. Yale macho yalikuwa yale yale, ila yalikuwa yamerudi ndani, na mashavu yaliyokuwa yanajaa anapocheka yalikuwa yamekwenda. Alitaka kuyashika. Badala yake akashika mlango.

"Kozi imeishaje?"

"Sela, sikutaka unione hivi. Nilitaka unione nikiwa nimesimama."

"Haya, simama."

Noel akatazama pembeni. "Siwezi."

Marsela akaenda akalifunua lile shuka. Kila mguu, kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo, ulikuwa ndani ya pete za chuma, pete juu ya pete, na kutoka kwenye pete vyuma vyembamba vimepita ndani ya nyama vikatokea upande wa pili. Ngozi yote ilikuwa bluu. Mguu wa mtu aliyezoea kukanyaga klachi kutwa nzima ulikuwa umekonda kama fimbo ya kuchungia.

"Mungu wangu. Ulipata ajali?"

"Hapana."

"Nani kakufanyia hivi?"

"Nililipia," Noel akasema, na kwa aibu yake yote palikuwa na kijisauti cha kujivuna. "Nje huko kuna hospitali wanafanya. Wanakata mfupa hapa, wanafunga hivi vyuma, halafu unazungusha hizi nati kidogo kidogo. Mfupa unaachana taratibu, na katikati unaota mwingine. Mwanzoni wanakuangalia wao. Baadaye wakasema niende nyumbani nijizungushe mwenyewe, niwe natuma picha."

"Unaota kama nyasi?"

"Kama mfupa. Inabidi uote."

"Umeota?"

Nje ng'ombe alilia.

"Picha ya mwisho ya eksirei ilionyesha kama wingu tu," Noel akasema. "Ila nimeongezeka, Sela! Upana wa kiganja hiki, karibu."

Marsela aliomba maji ya moto na kitambaa safi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kufuta ile bluu mguu wa kulia. Noel akauma shuka, akamwita Yesu kama ilivyotangazwa dukani. Rangi ilipotoka, chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa, imevimba kuzunguka kila chuma, na alipobonyeza kidogo usaha ukachungulia.

Mkono wa Marsela ukasimama. Makopo yote yale aliyatoa yeye rafuni, akayafunga kwenye gazeti, akasema karibu tena.

"Ndama wangu walipona wote," Resiato akasema mlangoni, sauti imepungua.

"Ndama hawana vyuma ndani ya mfupa, Yeyo. Hii bluu imetufichia. Hatukuona wekundu ukija."

Kisha akashika mguu wa kushoto. Huo haukuwa na usaha mwingi, lakini unyayo ulining'inia umeelekea chini, vidole vimejikunja, kama si wa mtu huyu. Akapitisha ukucha chini ya wayo.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?" Noel akauliza.

Marsela alikuwa amekwaruza mpaka alama ikabaki.

Akatoa simu. Alikuwa na namba ya Daktari Melkizedek, yule wa mifupa pale mjini, aliyemtibu baba yake alipoangukiwa na jembe la trekta. Lakini Nainokanoka mtandao una mahali pake, na mahali pake pale bomani ilikuwa juu ya nguzo ya uzio, hatua chache nje ya mlango. Simu ikafungwa pale kwa kamba ya ndama, sauti ikaachiwa wazi. Ukiishika inakata. Kwa hiyo daktari alizungumza na boma zima, na mbuzi wakiwemo.

"Kidole gumba cha kushoto anaweza kukiinua?" daktari akauliza, alipokwisha kuelezwa vyuma, usaha na unyayo.

"Hawezi," Marsela akapaza sauti.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi juzi!" Noel akapiga kelele kutoka kitandani.

"Mwongo!" Resiato akasema. "Tangu kabla ya mnada uliopita!"

"Na alikuwa anazungusha kama alivyoagizwa?"

Wote wakageukia mlango wake.

"Noel!" Marsela akaita.

"Nilikuwa naongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" daktari akauliza.

"Mara mbili ya walivyosema."

Daktari akashusha pumzi, na ile pumzi ikapita kwenye nguzo kama upepo. "Wewe bwana mdogo, kilichokukimbiza ni nini?"

"Desemba," Noel akasema.

Hakuna aliyecheka. Mchaga harudi nyumbani Desemba akiwa nusu, na Noel alikuwa amepanga kwenda Machame akiwa mtu mpya, kisha ageuze na wazee wake mpaka Kansay wakajitambulishe rasmi, aingie uani kwa kina Marsela bila mtu kuinamisha macho. Krismasi haisogezwi. Basi akausogeza mfupa.

"Nisikilizeni," daktari akasema, na sasa hata uchovu ulikuwa umemtoka. "Mshipa wa fahamu wa kushoto unavutwa kama mpira wa manati. Mkiendelea, huo unyayo atauburuta maisha yake yote. Rudisheni nati nyuma, za mguu wa kushoto tu. Robo raundi, mnapumzika, robo raundi, mpaka ganzi ianze kubadilika, hapo mnasimama. Wa kulia msiuguse kabisa. Usaha ukishaingia kwenye mfupa, mimi na yeye hatutazungumzia urefu tena. Tutazungumzia pa kukatia. Mumlete leo hii."

Simu ikakata yenyewe, kwa adabu.

Marsela akarudi ndani. "Spana iko wapi?"

"Sirudishi," Noel akasema.

"Umemsikia daktari."

"Nimemsikia. Hata wale wa nje waliniambia hivyo hivyo." Akafumba macho. "Sela, kila robo raundi nimeilipia kwa usingizi. Nimelala hapa nikisikia mifupa yangu ikiachana. Halafu unaniambia nirudi nyuma, niwe yule yule?"

"Yule yule alikuwa na miguu."

"Wewe huwezi kuelewa. Wewe ukiingia mahali watu wanainua macho. Mimi wanayashusha. Kisha wanatabasamu."

"Nani kakutabasamia? Mimi?"

"Siku ile kwenu Kansay," Noel akasema. "Shangazi yako Evarista alipouliza, bwana harusi yuko wapi, au huyu ametangulia kuleta habari. Watu wote walicheka. Na mimi nilicheka, tena kuliko wote. Halafu nikakuangalia wewe. Ulikuwa umeziba mdomo kwa kanga, na mabega yalikuwa yanatikisika."

Marsela akakumbuka. Alikumbuka hata kanga yenyewe. Angeweza kusema alikuwa anakohoa. Mwanamke mwingine angesema hivyo, na wangepatana upesi. Lakini alikuwa amechoka mno kwa uongo wa siku hiyo.

"Nilicheka," akasema. "Ilichekesha, Noel."

Noel akamkodolea macho.

"Ilichekesha, na usiku nilimwambia Shangazi asirudie, tukanuniana mpaka leo hatusalimiani vizuri. Hilo hukuliona kwa sababu ulishaondoka kwenda kutafuta wakata mifupa. Nilicheka siku ya kofia, na nitacheka siku nyingine, Mungu akitupa. Mimi ndivyo nilivyo. Kama ulitaka mwanamke asiyecheka ungeniambia, ningekutafutia, kwetu wapo wengi."

"Sikutaka mwingine."

"Basi ulinifanya nimkose niliyemtaka. Unajua nimelalaje, nikijiuliza uko na nani? Mama analeta majina ya wanaume, mimi nakataa. Watu dukani wananiuliza Noel anarudi lini, nasema karibuni. Nimesema karibuni mpaka ulimi umeota sugu." Akaketi kitandani kwa uzito, kama mzee. Mgongo wake ulimgeukia. "Nimechoka. Sina hata hasira nzuri ya kukupa. Senteu anawasha gari. Ukikubali, nitaishika spana mimi. Ukikataa, nitashuka peke yangu. Sitatafuta mrefu, sitatafuta mfupi. Nitafunga duka, nitalala. Ila kukaa hapa nikuangalie unaoza kwa ajili ya Desemba, hapana."

Alikaa akingoja. Kwenye bati matone ya ukungu yalianza kudondoka moja moja. Akasikia nyuma yake kitu kinapekuliwa chini ya mto, kisha kitu cha baridi kikamgusa mkono. Ilikuwa spana.

"Unazungusha kuelekea kwako," Noel akasema. Sauti haikuwa yake. "Kila siku mimi nazungusha kuelekea kwangu."

Resiato akaingia akaketi kichwani pa kitanda, akampakata Noel kama mtoto wake, bila kuombwa. Marsela akapiga magoti chini. Alishika nati ya kwanza, akapima, akavuta robo. Noel hakupiga kelele. Alitoa pumzi ndefu tu. Akaenda nati ya pili, ya tatu, akamaliza kuzunguka pete, wakapumzika. Kisha wakaanza tena. Kazi ile haikuwa na nguvu ndani yake, mtoto angeiweza. Lakini kila akivuta aliona alichokuwa anakifanya, kwamba anamnyang'anya mpenzi wake kitu alichokililia miezi yote ile, na anamnyang'anya kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa hiyo sasa," Noel akasema baada ya muda, machozi yakimwingia masikioni, "nitakuwa na urefu wa aina mbili. Mmoja kushoto, mmoja kulia."

"Utatuchagulia wa sikukuu," Resiato akamwambia.

Simu ikalia nje kwenye nguzo. Senteu akaibonyeza kabla hajafikiri, na sauti ya Mama Marsela ikajaa bomani kutoka Kansay.

"Marsela! Nimeambiwa umefunga duka umekimbilia kwa Wamasai! Umempata huyo mtu wako?"

"Nimempata, Ayo," Marsela akajibu kwa kupaza sauti, bila kuacha nati.

"Yuko na mwanamke?"

"Yuko na mimi! Alikwenda kurefushwa miguu!"

Mbuzi mmoja akapiga chafya.

"Amekuwa mrefu?" mama akauliza, na ikasikika wazi kwamba, pamoja na yote, alikuwa anataka kujua.

"Hapana, Ayo. Alikuwa ameanza. Mimi ndiye ninayemfupisha."

"Wewe?"

"Mimi, kwa spana. Anaumwa. Anaweza kukatwa mguu. Tunamshusha hospitali saa hii, na nitakaa naye huko. Kama una la kusema kuhusu kimo chake, liseme sasa, anasikia."

Noel akafumba macho kama mtu anayengoja kofi. Walimsikia yule mama akivuta pumzi, akiishikilia. Alikuwa na maneno mengi, huyo mama, na yote mazuri. Miaka yote alikuwa hajawahi kukosa la kusema.

"Huko juu kuna baridi," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeketi chini. "Mna blanketi la kumfunika njiani?"

"Wanalo."

"La kwao linapitisha upepo. Nitaleta letu hospitalini." Akakata.

Resiato akalitazama blanketi lake kwa uchungu. "Linapitisha upepo," akasema. "Haya."

Wakaendelea. Senteu akatandika godoro nyuma ya gari. Marsela aliinama zaidi kufikia nati za pete ya chini, zile za karibu na kifundo, kitambaa kikamteleza kichwani, akakiacha hapo shingoni. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi, vidole vinanuka chuma. Hakusikia tena kilio. Hakusikia pumzi.

"Noel? Unalia?"

"Nimemaliza. Naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Utosi wako."

Spana ikasimama.

"Sijawahi kuuona, Sela. Hata siku moja. Nilikuwa nawaza nikisimama pembeni yako kanisani nitauona, nikiwa nimekamilika." Akainua shingo atazame vizuri. "Nywele zimegawanyika upande. Kuna kovu dogo kama punje ya mchele. Na mvi moja."

"Hiyo mvi ni yako," Marsela akasema. "Umeiotesha wewe. Hiyo imeota vizuri kuliko mfupa."

Akamsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichochoka, kikakatwa katikati na maumivu. Lakini kilikuwa chake.

"Kidole gumba kinawasha," Noel akasema. "Kama siafu. Mmoja tu."

Marsela akakitazama kile kidole. Hakikutikisika. Pengine ni kweli, pengine anataka iwe kweli. Daktari ndiye atakayejua. Aliiweka spana chini.

"Shemeji!" Senteu akaita kutoka nje. "Godoro tayari. Tumbebe?"

"Bado kidogo," Noel akajibu.

Nati hazikuwa na kazi tena. Marsela angeweza kuinuka. Akabaki ameinama vile vile, paji la uso karibu na chuma baridi, kichwa wazi, akimwacha aangalie mpaka atosheke.